Wamijikenda na Mwandishi wa Kaya Zao

Hapa Muyeye, pembeni mwa mji wa Malindi, mtoto akiulizwa Wamijikenda walitoka wapi hujibu "Singwaya" kabla swali halijaisha. Akiulizwa waliondoka kwa sababu gani, hujibu kwamba walifukuzwa na Wagalla. Akiulizwa babu yake mwenyewe aliingia nchi ya Malindi lini, kwa njia ipi na kwa haja gani, hunyamaza. Kimya hicho ndicho kilichonitia kuandika insha hii. Majibu mawili ya kwanza, na njia ya kulipata lile la tatu, yote yamo katika kitabu kimoja, na yaonekana tumekisoma kitabu hicho nusu.

Jina lake ni The Kaya Complex, ambalo twaweza kulifasiri Mfumo wa Kaya. Mtungaji ni Thomas Spear, mwanahistoria wa Marekani, na kitabu kilipigwa chapa na Kenya Literature Bureau mwaka 1978. Kinasimulia habari za Wamijikenda tangu asili yao mpaka mwaka 1900. Spear alikuja pwani mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Akaenda kaya kwa kaya, akaketi na wazee, akawasikiliza, akaandika waliyosema, kisha akayapima neno kwa neno na maandishi ya wageni waliopita pwani hii. Masimulizi yenyewe aliyatoa miaka michache baadaye katika kitabu cha pili, ili msomaji asiyemwamini apate kupima mwenyewe. Tendo hili ni la uungwana, na si kila mtaalamu hulitenda.

Kwa wakati wake kazi ile haikuwa jambo dogo. Wapo wataalamu wa Ulaya waliosema, hata katika miaka ya 1960, kwamba watu wasio na maandishi hawana historia. Mbelgiji Jan Vansina aliwapinga kwa kitabu cha mwaka 1961 kilichofundisha namna ya kuyapima mapokeo ya mdomo kama vile hakimu apimavyo maneno ya mashahidi. Katika Afrika ya Mashariki Bethwell Ogot alifanya hivyo kwa Wajaluo mwaka 1967, na Isaria Kimambo kwa Wapare mwaka 1969. Spear ni wa msafara huo. Aliwatendea wazee wa Kigiriama, wa Kidigo na wa Kirabai kama watu wenye elimu, na heshima hiyo yaonekana katika kila ukurasa.

Hatuna budi kueleza kwanza kaya ni nini, maana neno lenyewe limepata maana mbili. Katika Kiswahili cha serikali kaya ni watu wa nyumba moja walao chungu kimoja, hata kwamba wakati wa kuhesabu watu kila kibanda cha Muyeye huitwa kaya. Katika lugha za Kimijikenda kaya ni nyumbani, na kaya kubwa za zamani zilikuwa miji iliyozungushwa boma katikati ya msitu mnene, juu ya vilima vya nyuma ya pwani. Njia ya kuingia ilikuwa nyembamba na yenye malango. Ndani yake kila mbari ilikuwa na mahali pake, na katikati palikuwa na moro, yaani baraza ya wazee. Mahali pa siri palifukiwa fingo, dawa ya kuulinda mji. Watu walipangwa kwa marika, na wazee wa cheo cha juu waliitwa kambi. Makabila ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Miji kenda maana yake ni miji tisa.

Sasa twende Singwaya. Wazee walimwambia Spear kwamba baba zao walikaa mahali paitwapo hivyo, mbali kaskazini, ng'ambo ya mto Tana, katika nchi ambayo leo ni kusini ya Somalia. Walikuwa jirani na Wagalla, watu ambao leo hujiita Waoromo na hawalipendi lile jina la zamani. Katika sherehe za kuingia rika vijana wa Kimijikenda walimwua Mgalla, kisasi kikazuka, na watu wakashika njia ya kusini kundi baada ya kundi, Wadigo wakitangulia, mpaka wakafika vilimani na kujenga kaya zao. Spear aliikubali habari hii kuwa ni historia. Aliyahesabu marika yaliyokumbukwa, akaona kwamba safari ile ilitokea mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Aliona pia kwamba Wareno wa Mombasa, katika karne hiyo ya 17, waliandika juu ya watu wa bara waliowaita Wamusungulo, na kwamba maandishi ya Kiarabu yaliyochapishwa na Mtaliani Enrico Cerulli mwaka 1957 yanataja Singwaya na vita vya Wagalla. Mashahidi watatu wakikubaliana, mwamuzi hulala usingizi mwema.

Lakini mashahidi hao hawakuwa watatu. Maandishi yale ya Kiarabu yaonekana kukusanywa katika karne ya 19, na mkusanyaji wake yamkini aliisikia habari ile ile kwa watu wale wale. Kuhesabu kwa marika nako kuna hatari, kwa maana jina moja likisahauliwa miaka mingi hupotea nalo, na likiongezwa kwa fahari miaka huzuka isiyokuwapo. Hata kabla kitabu hakijatoka, mwaka 1972, R. F. Morton alitoa hoja nzito. Alisema kwamba wamisionari na wasafiri walioishi na Wamijikenda tangu mwaka 1844, alipofika Mombasa mmisionari Ludwig Krapf, hawakuandika neno juu ya Singwaya mpaka karibu na mwisho wa karne. Je, watu wasahau kumwambia mgeni wao habari iliyo kubwa kuliko zote kwa muda wa miaka hamsini? Spear alimjibu mwaka 1974 kwamba hadithi za wazee zina matawi mengi, na kwamba ukimya wa mgeni aliyekuja kuhubiri si ushahidi kwamba mwenyeji hakujua. Jibu lile lina nguvu, ila halikuifuta hoja.

Baadaye watu wa elimu nyingine waliingia katika shauri hili. Mkenya Henry Mutoro alichimba katika kaya katika miaka ya 1980, na Richard Helm akafuata katika miaka ya 1990. Walipata vyombo vya udongo na masalio ya makazi yaliyo ya kale kuliko karne ya 16. Vilima vile vilikuwa na watu wakulima, wafua chuma, kabla ya tarehe ya Spear. Wataalamu wa lugha nao walionyesha kwamba Kimijikenda, Kiswahili, Kipokomo na Kikomoro ni ndugu wa tumbo moja. Kundi hilo wamelipa jina la Sabaki, mto wetu uingiao baharini kaskazini ya Malindi. Mgiriama asemapo mudzi na Mswahili asemapo mji wanalitamka neno moja, kila mmoja kwa ulimi wake. Lugha hazigawanyiki hivyo kwa mwaka mmoja wala kwa kukimbizwa siku moja.

Basi je, Singwaya ni uongo? Sithubutu kusema hivyo, wala sioni kwamba wachimbaji wamesema hivyo. Watu walioitaja Singwaya ni wengi: Wapokomo, Wasegeju, Wabajuni, na baadhi ya Wataita. Yawezekana kabisa kwamba vikundi vilishuka kutoka kaskazini, vikawakuta wenyeji vilimani, vikaoana nao, na baada ya vizazi vichache hadithi ya waliokuja ikawa hadithi ya wote. Jambo hili halikutokea kwetu tu. Warumi wa kale walijivunia kwamba mzee wao Aeneas alitoka Troy iliyoungua moto, na Waswahili wa miji mingi ya pwani husimulia kuwa wazee wao walitoka Shirazi, Uajemi. Hapa nina neno moja la lawama kwa Spear, na nalisema kwa sababu alikuja kulitambua yeye mwenyewe. Mwaka 1985 alitoa kitabu juu ya Waswahili pamoja na Derek Nurse, na humo habari ya Shirazi haikuchukuliwa kuwa ni safari halisi ya umati wa Waajemi. Ilichukuliwa kuwa ni lugha ya watu kueleza heshima yao na mpango wa mji wao. Mizani hiyo ingalitumika kwa Singwaya mwaka 1978, kitabu cha kaya kingalikuwa kipana zaidi. Haipendezi hadithi ya Mswahili kusomwa kama fumbo na hadithi ya Mgiriama kusomwa kama barua.

Lawama ya pili ni juu ya kaya yenyewe. Katika kitabu hiki kaya ni safi mno. Kila mbari imekaa mahali pake, kila rika linangoja zamu yake, wazee wanaamua na vijana wanatii. Msomaji hupata shaka kama amepata kuona mji wa binadamu wa namna hiyo. Mwaka 1993 Mwingereza Justin Willis alitoa kitabu juu ya Mombasa, Waswahili na kuundwa kwa Wamijikenda, na shaka hiyo akaifanya hoja. Alionyesha kwamba mipaka kati ya mtu wa mjini na mtu wa bara ilivukwa kila siku. Mtu aliyepatwa na njaa au deni alihamia kwa tajiri wa Mombasa, akasilimu, na wanawe wakawa Waswahili. Mwingine alitoroka utumwa pwani akawa mtoto wa nyumba kwa Wagiriama. Hata jina la Mijikenda halikushika kwa watu wote mpaka miaka ya 1940. Zamani wageni waliwaita Wanyika, yaani watu wa porini, jina ambalo wenyewe walilichukia, na kwa haki. Tena Willis aliona kwamba sifa za enzi ya kaya, wakati wazee walipotawala kwa amani, zilipendwa mno na watu wa aina mbili: wazee waliotaka vijana wawatii, na maofisa wa Kiingereza waliotaka wazee wa kutawala kwa niaba yao. Mwanahistoria akimwuliza mzee juu ya zamani, mara nyingine hujibiwa juu ya vijana wa leo.

Na sauti tuzisikiazo katika kitabu cha Spear kwa wingi ni za wazee wanaume. Wanawake wa Kimijikenda walikuwa na chama chao cha Kifudu, chenye vyungu vyake, nyimbo zake na siri zake, ambacho mwanamume hakukigusa. Na mtu ambaye jina lake lajulikana kuliko wote katika historia ya Wagiriama ni mwanamke, Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwakusanya watu kula kiapo cha kuwakatalia Waingereza kodi na vibarua. Alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka ule pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akapelekwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi, akatoroka mwezi wa Januari 1914 na kuanza safari ya kurudi kwao. Kitabu kinachokoma mwaka 1900 hakiwezi kulaumiwa kwa kumwacha. Lakini msomaji akimaliza sura zote za kambi na marika hataelewa mwanamke yule alipata wapi uwezo wa kusema na watu wakasikia. Chanzo cha uwezo huo kilikuwapo kabla ya mwaka 1900, na hakikuulizwa.

Nimelaumu vya kutosha, sasa nifike katika sehemu ya kitabu ninayoipenda. Nayo ndiyo ile isiyosomwa.

Baada ya Singwaya na mpango wa kaya, Spear anageuka kusimulia namna watu walivyotoka katika kaya. Hapa hana haja ya kubahatisha karne. Yuko karne ya 19, ana barua za wamisionari, ana habari za biashara, na ana wazee waliosikia mambo haya kwa baba zao walioyaona. Anaanza na hesabu ndogo za maisha: watu wameongezeka, mashamba yaliyo karibu na kaya yamechoka, mtu analima mbali na kulala huko huko msimu mzima. Mahindi yameshika nafasi ya mtama katika mashamba mengi. Pembe za ndovu, sandarusi na nafaka zinatakiwa Mombasa na Takaungu, na mfanyi biashara aliye hodari hurudi na nguo, na nguo huleta ng'ombe, na ng'ombe huleta wake. Mtu huyo tajiri haoni kwa nini angoje miaka ishirini rika lake lipate cheo, kisha aketi katika moro kusikiliza wazee wasio na ng'ombe hata mmoja. Anakata nyumba yake porini, anakusanya wanawe, wakwe zake, wadeni wake na wakimbizi, na nyumba yake yawa mji. Hakuna aliyetangaza kwamba kaya imekufa. Watu walipungua tu. Sherehe za rika, ambazo zilihitaji watu wote wakusanyike mahali pamoja, zikaahirishwa, na zilipoahirishwa mara nyingi zikakoma.

Sura hizi ni nzuri kwa sababu zinaeleza jambo gumu kwa sababu zinazoeleweka. Singwaya inahitaji vita na kisasi ili watu wahame. Hapa watu wanahama kwa shamba, kwa mke, kwa deni na kwa njaa. Njaa kubwa ya mwaka 1884, ambayo Wagiriama waliita Mwakisenge, iliwalazimisha wazazi kuwaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani wapate chakula, na wengine hawakuweza kuwakomboa. Wagiriama waliosambaa walifika mlima Mangea, kisha mto Sabaki, na mwisho wa karne wakauvuka. Wala nchi waliyoikaribia haikuwa tupu. Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498 na baadaye ukafa ukawa magofu, ulikuwa umefufuliwa chini ya Sultani wa Unguja katikati ya karne ya 19, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa. Watumwa wengi walitoroka, wakaenda kwa Wagiriama au wakajenga miji yao wenyewe kama Fuladoyo. Mgiriama aliyekuja pwani na mtoro aliyekwenda bara walikutana njiani, wakaoana. Damu ya nani, basi, ni ya Singwaya?

Msomaji ataniuliza, tofauti hii yatuhusu nini sisi tulio shuleni? Hapa Malindi yatuhusu kwa sababu ya ardhi. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuandikisha hati za mashamba katika ukanda wa maili kumi, ule uliokuwa chini ya Sultani. Aliyeweza kuonyesha hati au mashahidi mbele ya ofisa alipewa ardhi kuwa mali yake. Wagiriama na watoto wa waliokuwa watumwa, ambao shamba kwao lilikuwa la yule aliyefyeka na kulima, kwa wingi hawakuandikwa. Hivyo mtu aliamka asubuhi akaambiwa kwamba yeye ni skwota juu ya mkorosho alioupanda mwenyewe. Habari hii imeelezwa vizuri na Frederick Cooper katika kitabu cha mwaka 1980 juu ya safari ya watumwa kuwa maskwota, na kila asomaye Spear akasimama mwaka 1900 aendelee na Cooper.

Katika ugomvi wa namna hii historia hutumiwa kama fimbo. Ukisema kwa fahari kwamba baba zako walitoka Singwaya, mpinzani wako atakushukuru, kisha atasema: basi wewe ni mgeni uliyekuja kutoka Somalia, na ardhi hii ina wenyewe. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, likisemwa na mtu aliyesoma. Wala aliyejibiwa hakuwa na la kusema, kwa maana alifundishwa safari moja tu. Laiti angalifundishwa na hii ya pili, ya nani alifyeka, mwaka wa njaa gani, kando ya kijito kipi, angalikuwa na maneno ambayo hata hakimu hulazimika kuyaandika.

Jambo jingine laonyesha jinsi tarehe ya mwanahistoria ilivyo na miguu mirefu. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, vipande 10 vya misitu katika pwani ya kilomita 200 hivi. Maelezo yake husema kwamba kaya zilijengwa tangu karne ya 16 na kuachwa kufikia miaka ya 1940. Karne ya 16 ndiyo karne inayotoka katika hesabu ile ya marika na Singwaya. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kupata vyombo vya kale zaidi, lakini tarehe iliyokwisha kukaa katika vitabu haitoki kwa urahisi. Nafurahi kwamba misitu inalindwa, maana mti mkubwa ukikatwa haungoji wataalamu wapatane. Lakini ningependa ubao uliopo mlangoni mwa msitu usitupunguzie umri.

Wala neno "kuachwa" halinipendezi. Ni kweli kwamba kufikia mwaka 1913 Wagiriama walikuwa wamesambaa kwa vizazi kadha, na Kaya Fungo, kaya yao kuu, haikuwa tena mji wa watu wengi. Hata hivyo Mekatilili alipotaka kiapo alikwenda huko, na watu wakamfuata. Serikali nayo ilifahamu, na mwezi wa Agosti 1914 ikailipua kaya kwa baruti. Mtu hapotezi baruti juu ya mahali palipoachwa. Vita vilivyofuata vimesimuliwa na Cynthia Brantley katika kitabu chake cha mwaka 1981. Mambo haya yanampa Spear haki na kumnyima kwa pamoja. Yanampa haki kwamba kaya ilikuwa kubwa kuliko boma na nyumba zake. Yanamnyima kwa kuwa aliifunga historia yake kana kwamba watu walipotoka waliiacha nyuma kama nguo kuukuu.

Mtindo wa kitabu ni wa kitaalamu, mkavu kidogo, lakini hauna maneno ya kujionyesha. Mtungaji huonyesha wapi ana ushahidi na wapi anakisia, nami namsifu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Waliomkosoa waliweza kumkosoa kwa sababu aliacha mlango wazi. Kosa la kugeuza nusu ya kitabu kuwa wimbo wa kukariri si lake, ni letu sisi walimu, ambao tunapenda jibu la neno moja liwezalo kusahihishwa upesi.

Baada ya kukisoma upya nilikwenda kwa mzee mmoja jirani yangu, nikamwamkia, nikamwuliza asili yao. "Singwaya, mwanangu," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma ubaoni. Nikamwuliza baba yake alizaliwa wapi. Akavuta kigoda chake kivulini na kuanza upya kwa sauti nyingine. Baba yake alizaliwa ng'ambo ya Sabaki. Babu yake alikuja na ndugu wawili, mmoja akarudi kwa sababu ya mke, mmoja akafa kwa homa ya mwaka wa mvua nyingi. Walianza kwa kulima ufuta wa mtu mwingine. Palikuwa na mwembe, sasa haupo, na chini yake walizikwa watu watatu. Alitaja mipaka minne ya shamba kwa majina ya waliolima jirani, na mmoja wao, alisema kwa sauti ya chini, mama yake aliletwa pwani kwa jahazi kutoka kusini, naye ndiye bibi ya mkwe wake.

Niliandika yote katika daftari la shule, kurasa kumi na moja. Juma lililofuata nilirudi nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha majina mawili na mpaka wa upande wa mashariki, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza uani, akamwambia aketi, nami nianze tena kusoma tangu mwanzo.